Tofauti Baina ya Krili na Kamba, na Hukumu ya Vidonge vya Mafuta ya Krili

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah Subhanahu wa Ta'ala. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Swalla Allahu alayhi wa sallam, pamoja na jamaa zake, Swahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama ba'd. Katika vifurushi vinavyoletwa na jamaa zetu walioko Ghuba na Ulaya, na katika baadhi ya maduka ya dawa ya hapa kwetu, zimeanza kuonekana chupa za vidonge vyekundu vilivyoandikwa kuwa ni mafuta ya krili. Mwenye kuuliza krili ni kitu gani huambiwa: "Ni kamba tu, wewe kunywa." Jibu hilo ni jepesi, lakini halitoshi. Mtu anayeingiza kitu tumboni mwake na tumboni mwa watoto wake ana haki ya kujua mambo matatu: mnyama huyu ni nani, hukumu yake ni ipi, na kidonge chenyewe kimetengenezwa kwa nini. Tutayaeleza yote matatu kwa utaratibu, kwani mwanachuoni hatoi hukumu ya kitu mpaka akijue.

Krili ni mnyama gani?

Krili ni mnyama mdogo wa baharini mwenye ganda, anayeishi kwa makundi makubwa sana. Jina lake limetoka katika lugha ya Kinorwe, ambamo lilikuwa likitumika kwa vitoto vidogo vya samaki. Wataalamu wa elimu ya wanyama wamehesabu aina zake zipatazo 86, na zimetawanyika katika bahari zote za dunia. Ile inayovuliwa zaidi na kutolewa mafuta ni krili wa bahari ya kusini, inayozunguka bara la barafu la Antaktiki.

Krili huyu wa kusini akikua sana hufika urefu wa sentimita 6 na uzito wa gramu 2 hivi. Juu ya udogo huo, huishi miaka mitano au sita. Chakula chake kikubwa ni mimea midogo mno inayoelea baharini, isiyoonekana kwa jicho moja moja, pamoja na ile inayoota chini ya barafu. Miguu yake ya mbele ina manyoya membamba yaliyopangika mfano wa tunga au chujio. Hufungua miguu hiyo, maji yakaingia, kisha akaifunga, maji yakatoka na chakula kikabaki.

Krili hatambai chini ya bahari kutafuta riziki. Maisha yake ni kuogelea, kwani mwili wake ni mzito kuliko maji, na akiacha kupiga mbizi kwa viungo vyake vya kuogelea huzama. Katika mita moja ya ujazo ya maji wanaweza kukutikana maelfu kwa maelfu. Subhanallah, kiumbe cha gramu mbili kimefanywa kuwa ni chakula cha nyangumi, ambaye ndani yake wamo wanyama wakubwa kuliko wote waliopata kuumbwa kwa tunavyojua.

Kamba wetu na uduvi wetu

Kamba hahitaji kuelezwa sana kwa watu wa visiwani. Ni yule anayeingia katika pilau, katika mchuzi wa nazi na katika mishikaki. Kamba wengi wanaovuliwa katika mwambao wetu huanza maisha yao katika mikoko na vijito vya maji ya chumvi, hukulia humo katika matope, kisha wakitaka kuzaa hutoka kwenda bahari yenye kina. Wapo wa kidole kimoja, na wapo kamba wakubwa wenye mistari wanaoweza kupindukia sentimita 30. Umri wao ni mfupi, aghlabu mwaka mmoja au miwili.

Hapa inafaa tumtaje na uduvi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba krili ndiye uduvi wa Ulaya. Kwa ukubwa wanakaribiana, na wote wawili hukaushwa na kuliwa wazima wazima. Lakini kwa nasaba, uduvi ni katika jamaa za kamba. Krili ana ukoo wake mbali. Udogo wa umbo hauwafanyi wanyama kuwa ndugu, kama vile dagaa si mtoto wa papa.

Tofauti zao, moja baada ya moja

*Matamvua.* Hii ndiyo alama iliyo wazi kuliko zote. Matamvua ni vile viungo laini vya kuvutia pumzi ndani ya maji. Kwa kamba yamefunikwa ndani ya ganda la kichwa na kifua, na huyaoni mpaka umbandue. Kwa krili yananing'inia nje, chini ya ukingo wa ganda, mfano wa vishada vidogo.

*Miguu.* Kamba ni katika wanyama waitwao wenye miguu kumi. Ana jozi tano za miguu ya kutembelea, na jozi tatu zilizo mbele yake zimegeuzwa kuwa visaidizi vya mdomo. Baadhi ya miguu hiyo kumi ina magando madogo ya kushikia. Krili hana mgawanyo huo. Miguu yake ya kifuani inafanana, haina magando ya kukamata, na kazi yake kubwa ni kuchuja chakula.

*Makaazi.* Kamba wengi tunaowajua hupenda chini, penye mchanga, matope, majani au mawe. Krili ni wa maji ya wazi, hupanda na kushuka, na wengi wao huja juu usiku na kuzama mchana.

*Chakula.* Kamba hula mchanganyiko: vidudu, mabaki ya mimea, na mizoga midogo. Krili wa kusini hula zaidi mimea inayoelea, na huongezea wanyama wadogo kuliko yeye.

*Mwanga.* Aina nyingi za krili zina viungo katika macho na tumbo vinavyotoa mwanga wa rangi ya buluu. Kwa kamba wa mapishi yetu hakuna jambo hilo.

*Mayai.* Krili wa kusini huyaachia mayai yake baharini, yakazama mamia ya mita, na vitoto vikapanda juu polepole. Kwa kamba hali ni mbili: wapo wanaoyaachia majini, nao ndio wengi wa wale tunaowavua, na wapo wanaoyabeba chini ya tumbo mpaka yaanguliwe.

*Kuharibika.* Krili ana vimeng'enya vikali tumboni, na akifa mwili wake huanza kuoza upesi mno. Ganda lake pia lina floridi nyingi, nayo huingia katika nyama asipotengenezwa mapema. Ndiyo maana meli zinazomvua humsindika huko huko baharini, na ndiyo maana humuoni sokoni amepangwa juu ya barafu kama kamba. Anatufikia akiwa ni mafuta, unga, au chakula cha samaki wa kufugwa.

Kwa hivyo, anayesema "krili ni kamba" amekosea kwa upande wa elimu ya wanyama. Wanafanana kwa umbo na wote wana ganda, lakini ni makundi mawili mbalimbali.

Hukumu ya mnyama mwenyewe

Aya ya 96 ya Suratul-Maida imehalalisha mawindo ya bahari na chakula chake. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra, Radhiya Allahu anhu, katika Muwatta ya Imam Malik na katika vitabu vya Sunan, Mtume, Swalla Allahu alayhi wa sallam, aliulizwa kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari, akajibu kwamba maji yake ni twahara na mfu wake ni halali.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa visiwa hivi, kauli iliyo sahihi zaidi kama alivyoitaja Imam an-Nawawi katika *Minhaj* ni kwamba samaki ni halali kwa namna yoyote aliyokufa, na vivyo hivyo wanyama wengine wasioishi isipokuwa baharini. Waliotengwa ni wale wanaoishi nchi kavu na majini pamoja, na humo akamtaja chura, kaa na nyoka. Suala la kaa lina maneno marefu, na mahali pake si hapa. Tunachotaka ni kile kigezo: je, mnyama huyu anaishi majini tu?

Jibu kwa krili ni wepesi kuliko kwa mwengine yeyote. Huyu hajui pwani wala mwamba, na akitolewa majini hufa. Basi krili ni halali kama alivyo halali kamba na uduvi. Angalia kwamba wamekutana katika hukumu kwa sababu ya makaazi yao. Kufanana kwao kwa umbo si hoja.

Yapo mambo mengine mawili yanayoulizwa mara kwa mara.

La kwanza: wavuvi wa krili wengi wao si Waislamu. Hilo halidhuru. Mnyama wa bahari hahitaji kuchinjwa, na wanachuoni wetu wameeleza kuwa samaki ni halali hata akivuliwa na Mmajusi.

La pili: krili na uduvi huliwa pamoja na kilichomo tumboni. Wanachuoni wa Kishafii wamesamehe kilichomo ndani ya samaki mdogo, kwa uzito wa kumpasua mmoja mmoja. Ndivyo tunavyokula dagaa na uduvi bila ya dhiki. Ama kamba mkubwa, ule uzi mweusi wa mgongoni ndio utumbo wake, na kuutoa ni rahisi, basi utolewe.

Kwa ndugu zetu Mahanafi, ambao wamo mijini mwetu na ambao vitabu na fatwa zao hutufikia kwa wingi, kinachohalalika baharini ni samaki peke yake. Kamba wamekhitilafiana naye. Waliomhalalisha wametegemea lugha na desturi ya Waarabu, kwani watu wa lugha na waandishi kama ad-Damiri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, wamemuhesabu miongoni mwa samaki wadogo. Waliomzuia wametazama umbile, wakasema si samaki. Hapa ndipo tofauti tulizozieleza zinapokuwa na uzito. Fatwa iliyojengwa juu ya jina la kamba haihamishwi kwa krili bila ya kutazamwa upya. Mwenye kufuata madhehebu hayo amuulize mwanachuoni wake kwa kumtajia mnyama mwenyewe, wala asimwambie kuwa ni kamba tu.

Hukumu ya kidonge

Hili ndilo lenye hatari zaidi, nalo ndilo wasiloliuliza wengi. Shaka haipo katika ganda la krili. Ipo katika ganda la kidonge.

Mafuta ya krili hutiwa ndani ya kifuko laini kinachong'ara. Aghlabu kifuko hicho hufanywa kwa jelatini, na jelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama. Hali zake ni hizi:

1. *Jelatini ya samaki.* Hii ni halali, haina tatizo.

2. *Ganda la mimea.* Vipo vidonge ambavyo ganda lake limetokana na mimea. Hivi pia havina tatizo.

3. *Jelatini ya ng'ombe.* Ikiwa ng'ombe amechinjwa kisharia, ni halali. Ikiwa hakuchinjwa, huyo ni mfu, na jelatini yake katika madhehebu yetu ni najisi.

4. *Jelatini ya nguruwe.* Hii ni haramu. Wapo wanachuoni wa zama hizi waliosema kwamba kugeuka kwake kiwandani kunaitoa katika hukumu ya asili. Lakini msimamo wa madhehebu ya Shafii ni kwamba najisi hii haitwahariki kwa kugeuzwa. Nayo Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 3 kilichofanyika Amman mwaka 1986, iliamua kwamba haijuzu kutumia jelatini ya nguruwe katika vyakula.

5. *Jelatini isiyotajwa asili yake.* Chupa imeandikwa jelatini, basi, bila ya kusema ya mnyama gani. Inapotoka katika nchi ambazo nguruwe hutumiwa viwandani kwa wingi, na haina alama ya halali ya taasisi inayojulikana, tunanasihi iachwe.

Wapo wanaouliza: "Je, nikikitoboa kidonge nikayanywa mafuta, nikatupa ganda?" Ikiwa ganda ni najisi, mafuta yaliyogusana nalo yamekwisha kunajisika, na kitu cha majimaji kama mafuta hakitwahariki kwa kuoshwa. Hila hiyo haisaidii.

Na wapo wanaosema: "Lakini hii ni dawa, na dharura huhalalisha." Dharura ina masharti yake. Kutumia najisi kwa tiba hujuzu pale ambapo tabibu anayeaminika amesema kuwa hakuna chengine kilicho twahara kinachofaa. Vidonge vya krili ni nyongeza ya chakula. Badala yake ipo, tena ipo tele, kama tutakavyoona.

Wenye mzio

Tofauti zote tulizozitaja zisimdanganye mtu mwenye mzio wa kamba akasema: "Basi krili si kamba, naweza kumla." Katika misuli ya krili na ya kamba imo protini ya namna moja, iitwayo tropomayosini, nayo ndiyo inayoleta mzio kwa wengi. Mwili wa mgonjwa hautazami ukoo wa mnyama, unaitazama protini hiyo. Mafuta ya krili husafishwa, lakini mabaki ya protini yanaweza kusalia, na ndiyo maana chupa nyingi huandikwa onyo.

Hapa tuna neno kwa wazazi. Mtoto akila kamba kisha akavimba midomo au macho, akatoka vipele, akatapika, au akaanza kupumua kwa shida, hilo si deko wala si kuchagua chakula. Asilazimishwe tena "azoee". Kupumua kukiwa kwa shida, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Kamba ni halali kwa ndugu zake wote wanaokaa kwenye mkeka mmoja, na kwa huyu haifai kumlisha, kwa sababu sharia yetu imekataza madhara. Mwenye kupika kwa ajili ya shughuli naye awaambie watu kama chakula kina kamba au uduvi uliosagwa ndani yake, kwani uduvi katika mchuzi hauonekani.

Vile vile, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, anayesubiri kupasuliwa, na mama mjamzito, wasianze vidonge hivi mpaka wamuulize daktari wao.

Je, tunavihitaji?

Faida inayotafutwa katika mafuta ya krili ni yale mafuta yaitwayo omega 3, pamoja na kitu chekundu kiitwacho astazanthini, ambacho ndicho kinachompa rangi krili na kamba pia. Omega 3 hizo hizo zimo katika samaki wa maji yetu wenye mafuta, kama vibua, dagaa na jodari. Kidonge kimoja cha krili aghlabu kina omega 3 kidogo kuliko kidonge cha kawaida cha mafuta ya samaki, na bei yake ni kubwa zaidi. Soma kilichoandikwa nyuma ya chupa, usitosheke na kilichoandikwa mbele.

Hatusemi kuwa ni haramu kununua kilicho ghali. Tunasema kwamba baba mwenye watoto watano, akitoa fedha ya kitoweo cha wiki nzima kununua chupa moja kwa sababu ameambiwa inatibu kila maradhi, amedhulumiwa na muuzaji. Na muuzaji anayeahidi asichokijua, biashara yake imeingia udanganyifu.

Krili na nyangumi wanaopita kwetu

Kila mwaka, baina ya mwezi wa Julai na Oktoba, wavuvi wa Kizimkazi na wa upande wa Mnemba huwaona nyangumi wenye nundu wakipita na vitoto vyao. Nyangumi hao wametoka bahari ya kusini. Huku kwetu huja kuzaa na kunyonyesha, na kwa muda wote huo hula kidogo mno au hawali kabisa. Wanaishi kwa shahamu waliyoijaza huko, na sehemu kubwa ya shahamu hiyo imetokana na krili. Kwa njia hiyo mnyama tusiyemuona sokoni amekwisha kutufikia zamani.

Uvuvi wa krili una mipaka iliyowekwa na mataifa kwa mkataba wa mwaka 1980, ulioanza kufanya kazi mwaka 1982. Katika sehemu ya kusini-magharibi ya Atlantiki, ambako huvuliwa zaidi, kiwango kilichotumika kwa miaka mingi ni tani 620,000 kwa msimu. Muislamu anapaswa kulielewa jambo hili. Allah ametuhalalishia chakula cha bahari na akatukataza israfu. Halali ikichotwa bila ya kiasi, anayedhurika ni kiumbe mwengine ambaye Allah amemuandikia riziki yake humo.

Kwa muhtasari

Krili na kamba ni wanyama wawili mbalimbali. Krili ana matamvua yaliyo nje, hana magando, na ni wa maji ya wazi. Wote wawili, pamoja na uduvi, ni halali katika madhehebu ya Shafii kwa kuwa hawaishi ila majini. Vidonge vya mafuta ya krili havina hukumu moja: hutazamwa ganda lake limetokana na nini, na kisichojulikana kinaachwa. Mwenye mzio wa kamba ajiepushe na krili. Na mwenye kutaka omega 3, samaki wa pwani yake wanamtosha.

Tunamuomba Allah atujaalie tuwe wenye kula kilicho halali na kizuri, atulinde na shaka, na azibariki nyumba zetu na bahari zetu. Amin.

Wallahu a'lam.